Kiswahili cha amri na kitabu cha André Yav

Leo sileti habari ya mahindi. Naleta kitabu: «Vocabulaire de la ville d'Élisabethville» cha André Yav, mwaka 1965.

Ukisikia jina utafikiri ni orodha ya maneno. Hapana. Ni historia ya Lubumbashi na Katanga tangu wazungu kuingia, imeandikwa kwa jina la wale waliokuwa maboyi: watu wa kupika, kufua na kufungua mlango. Tena imeandikwa kwa Kiswahili chetu cha huku, kile tunachoambiwa «si Kiswahili». Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian alikichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Sasa, kwa nini jina lile? Mimi nalisoma hivi. Wakati wa koloni kulikuwa vitabu vidogo vya kufundisha wazungu Kiswahili cha kazi. Ndani yake mlijaa amri: leta, beba, fagia. Boyi alipashwa kusikia, hapana kusema. Yav anachukua jina la vile vitabu, halafu anatia ndani yake yale maboyi waliyoona na kusikia wakisimama nyuma ya kiti. Lugha ya kutuma watu inageuka lugha ya kushuhudia. Hiyo njo nguvu ya kitabu.

Makosa yapo. Maneno yamekatwa bila kanuni, na alama za kupumzikia ni chache. Mimi nilikwama ukurasa wa kwanza. Kisha nikamsomea babu kwa sauti, hapa nyumbani Likasi. Akacheka: «Mwana, huyu haandike. Huyu anasema.» Toka pale nikaanza kuelewa. Kumbe hata Fabian alipashwa kumwomba Kalundi Mango akisome kwa sauti, ndipo maneno yakae sawa.

Lakini kitabu kiliniuma pengine. Mwaka jana nilikuwa nafundisha walimaji kando ya mji. Karatasi yangu ilisema: panda kwa mstari, tia mbolea, palilia mara mbili. Mama mmoja akaniambia: «Mwana, shee tunalima hapa mbele uzaliwe. Weye unajua paka kusema "fanya". Kuuliza, habakukufundisha?» Nikakosa jibu. Miaka yote ile ya lisansi, na mdomoni mwangu mlikuwa vocabulaire ya zamani.

Tunadai uhuru wa kusema kwa wakubwa, na ni haki yetu. Katiba ya 2006 inautaja kwenye kifungu cha 23. Lakini sisi wenye diploma, nani ananyamaza mbele yetu juu ya kuogopa kuchekwa Kifaransa chake?

Msimu huu karatasi yangu inaanza na maulizo. Na weye, ndugu msomaji, kwenye kazi yako nani anasimama nyuma ya kiti?