Ugeuze Mkeka Kwanza

Muuzaji wa mikeka sokoni hukutandazia uso: wekundu, zambarau, kijani, pengine na maneno ya kukaribisha wageni yaliyosukwa humo humo. Mwache amalize sifa zake. Kisha mwombe uugeuze, maana msusi hakutegemea mtu atazame chini.

Huko chini utaona ncha. Mkeka wa ukindu husukwa kwa chane, yaani majani ya mkindu yaliyochanwa membamba, na chane haina urefu wa kufika mbali. Ikikaribia kwisha hupachikwa nyingine juu yake, zikaenda pamoja hatua chache, halafu ncha iliyobaki ikakatwa. Msusi mzoefu haungi chane mbili jirani mahali pamoja, kwa sababu pale ukili, yaani ule ukanda unaosukwa kwa chane na kushonwa kuwa mkeka, utanenepa, na palipotuna ndipo patakapolika kwanza. Maungio yake ameyatawanya. Pitisha kiganja taratibu huku umefumba macho. Mkeka mzuri hauna kituta, wala haukukwaruzi kama kidevu cha mtu asiyenyoa siku tatu.

Sasa hesabu kidogo. Chukua mkeka wa mita 2 kwa mita 1.2, wenye ukili wa upana wa sentimita 10 (ukili wa upana huo wengine huuita shupatu). Vipande ni 12, na kila kimoja mita 2, basi mtu amesuka mita 24. Kwa vipimo vya wenyewe, pima moja ikiwa mikono minne, hizo ni kama pima 13. Kazi hiyo haiishi kwa siku moja. Imesukwa leo kidogo, kesho kidogo, baina ya jungu la maharage na adhana ya magharibi, na kila siku mkono ulitakiwa uvute kwa nguvu ile ile ya jana. Hapo ndipo ninapomjua anayesuka kila siku na anayesuka akipata oda. Wa pili hukaza anapoanza, akachoka akalegeza, na vipande vinapowekwa ubavu kwa ubavu kimoja kinakuwa kipana kuliko mwenzake. Mshonaji akilazimisha kwa shazia, ile sindano kubwa, mkeka unafanya mawimbi. Utandaze kwenye sakafu ya saruji: ukiona pembe imeinuka kama sikio la mbwa, usidanganywe kwamba utalala wenyewe ukikaliwa.

Ukindu wenyewe hauna maneno mengi. Hutoka katika majani machanga ya katikati, ambayo hayajafunguka, yakaanikwa juani mpaka yapauke. Kunja ukingo kwa vidole viwili, usikie ukimya. Ukilia kama kijiti kikavu, jani lilikuwa limekomaa. Vidoa vyeusi ni ukungu wa mvua iliyounyeshea ukindu ukiwa umeanikwa. Na anayekuuzia jamvi la miyaa kwa bei ya mkeka wa ukindu, mwambie ahsante, uondoke.

Rangi ijaribu kwa kitambaa cheupe kilichotiwa maji. Zamani weusi ulitoka kwenye mizizi ya mdaa. Siku hizi ni rangi ya unga ya dukani, inayochemshwa pamoja na ukindu sufuriani, na asiyekuwa na subira huiepua mapema. Niliwahi kununua mkeka mwekundu kwa muuzaji mmoja aliyeapa kwa Mungu. Masika yale wageni wangu waliamka na shuka za waridi, na mmoja wao na sikio la waridi.

Baada ya hayo yote, tazama ukingo, pale chane inapogeuka kurudi. Hapo kila msusi ana tabia yake asiyoweza kuificha. Kuna anayebana mno anapogeuza, ukingo ukatoka na vimeno vidogo, sawasawa kwa urefu wote. Vimeno vya hapa na pale ni uzembe. Lakini vikienda hivyo hivyo pima kumi na tatu, hapo unamsoma mtu, na wanawake wenzake watakutajia jina lake bila kuuliza mkeka umetoka wapi. Mikeka ya plastiki ya kiwandani ni miepesi, inafuliwa, na mimi ninayo miwili, ila sijawahi kumsikia mtu akiitazama akasema, “Huu wa fulani.”

Pangani nilimpelekea bibi mmoja mkeka niliokuwa nimeununua Tanga, nikitaka anisifie jicho. Nilimkuta barazani, ukili umeviringwa miguuni pake.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Lete nione.”

Hakuutazama uso hata kidogo. Aliupindua, akapitisha kidole gumba ukingoni, akasema aliyeusuka ana mkono mwepesi na bado kijana, ila atafika. Kisha akaniambia nimkunjulie wake mwenyewe, wa miaka mingi, uliopauka hadi rangi hazijulikani. Kidole kikapita kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye cha tano kikasimama. Mimi sikuona kitu. Aliushika mkono wangu akauweka pale, nikahisi chane zimelegea kama urefu wa shibiri moja, halafu zikakaza tena.

“Hapa mamako mdogo alikuwa kalazwa,” akasema. “Nilisuka uani kwa hospitali.”

Akaokota ukili wake, akaendelea.