Majina ya Njaa

Katika tarehe za pwani ya Kenya, majina ya njaa hutumiwa kama vigingi vya kufungia miaka. Mwandishi akisikia kwamba mzee fulani alizaliwa wakati wa Magunia, huandika 1899, kisha hupita. Matumizi hayo si makosa, walakini ni ya kibahili. Jina la njaa ni utungo mfupi wenye habari za uchumi, nalo lastahili kusomwa kama utungo.

Magunia halitaji jua wala mvua. Wamijikenda waliuita hivyo ukame wa 1898 hadi 1900 kwa ajili ya magunia ya mchele ulioletwa kutoka ng'ambo. Mkulima huweka mavuno yake uchagani, juu ya meko. Gunia ni chombo cha mfanya biashara. Jina lenyewe, basi, lasema kwamba uchaga ulikuwa mtupu. Wakamba, kwa ukame ule ule, walisema Ngomanisye, yaani iliyoenea kila mahali. Aliye karibu na bandari alikumbuka chakula cha kigeni. Aliye bara alikumbuka kukosa pa kukimbilia. Zamani palikuwapo: njaa ya 1836 hivi iliwashusha Wakamba wengine hadi nyuma ya Mombasa, wakafanya maskani huko. Tena mifugo ilikuwa akiba ya kununulia nafaka kwa jirani, lakini sotoka ya mwanzo wa miaka ya 1890 ilikwisha kuifilisi akiba hiyo kabla mvua haijakatika.

Njaa ya Mwakisenge, ya karibu na 1884, yadai msomaji mwangalifu zaidi. Jamaa za Kimijikenda ziliweka watoto rehani kwa matajiri wa pwani ili zipate nafaka, na baadhi ya watoto hao waliishia utumwani. Hapo hapana budi kuitazama Malindi, ambayo tangu miaka ya 1860 ilikuwa na mashamba makubwa ya mtama uliouzwa Arabuni. Sultani Barghash alikataza biashara ya watumwa baharini 1873, na misafara yao ya nchi kavu 1876. Mikono ya kazi ikawa adimu. Ukame haukuizaa tamaa ya matajiri, ila uliipunguzia gharama.

Kitabu kisemacho kwamba ukame uliangusha uchumi hakijaeleza ni uchumi wa nani. Aliyeweka mtoto rehani na aliyempokea walihesabu mwaka ule kwa hesabu mbili, na jina moja la njaa limezibeba zote.