Rosa: Jicho Lililofumbwa au Lililovunjwa?

Mtahiniwa, ukiulizwa kilichomwangamiza Rosa katika *Rosa Mistika*, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, usikimbilie kuandika "marafiki wabaya" kisha ukaweka kalamu chini. Jibu hilo si la uongo, ila ni nusu ya jibu. Jiulize kwanza: mbona shinikizo la wenzake lilimpata kwa wepisi ule?

Rudi Namagondo, kisiwani Ukerewe. Zakaria anamwadhibu bintiye kikatili kwa sababu ya barua ya Charles. Tazama funzo analopata msichana huyu: si kupima jema na baya, bali kumwogopa mwenye fimbo. Anatulia kwa kuwa anachungwa, si kwa kuwa ameamua. Anapofika shule ya bweni, fimbo iko mbali, na sauti iliyo karibu ni ya wenzake. Rosa aliyezoea kutii anatii tena. Amebadilisha bwana tu.

Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Wengine husema "vunja", na tofauti hapo ni kubwa. Aliyefumba anajua ana jicho, atalifumbua akiondoka. Aliyevunja hana la kufumbua. Rosa hakuwahi kuonyeshwa kwamba jicho ni lake. Anapotamani kutulia na Charles, yaliyopita yanahesabiwa juu yake peke yake, ilhali wanaume walioshiriki hawahesabiwi. Charles anamkataa, naye anajiua.

Je, Rosa hana lawama? La hasha! Akiwa mtu mzima anachagua, tena zaidi ya mara moja. Jibu bora litaonyesha yote mawili: malezi yaliyomnyima mazoezi ya kuamua, na maamuzi mabaya aliyoyafanya mwenyewe. Ukitaja moja tu, utakuwa umemfanya mwanasesere au shetani, na Kezilahabi hakumwumba hivyo.

Mwalimu mwenzangu, nasi tujitazame. Darasa linalokariri jibu la mwongozo kwa hofu ya kupoteza alama ni Namagondo nyingine. Mwulize mwanafunzi yeye anamwonaje Rosa, kisha mdai ushahidi kutoka riwayani. Akikosea, msahihishe bila kumdhihaki. Anayezoea kutetea rai yake darasani hatatishika upesi akichekwa bwenini.