Mikono Iliyowang'arisha Malaika

Malaika wapiga tarumbeta aliowachora Fra Angelico kwa ajili ya chama cha wafanyabiashara wa kitani wa Florence, kazi iliyoagizwa mwaka 1433, bado wanang'aa katika makumbusho ya San Marco. Mchoraji anajulikana dunia nzima. Mafundi waliobandika dhahabu kwenye michoro ya zama zake hutajwa kwa nadra, na hilo si haki.

Kazi yao ilianza mbali na rangi. Ubao wa kuchorea ulipakwa gundi ya ngozi, kisha jasi, tabaka juu ya tabaka, ukaparuzwa hadi ukawa laini kabisa. Juu yake ukaja udongo mwekundu uliochanganywa na ute wa yai. Hapo ndipo fundi alipolowanisha sehemu ndogo tu na kulaza jani la dhahabu, jembamba kiasi kwamba upepo kidogo hulikunja likaharibika. Baadaye alilisugua kwa jiwe laini, au kwa jino la mbwa. Akiwahi, dhahabu inabanduka, akichelewa, haing'ai. Hakuna kipimo kilichomwambia wakati wake isipokuwa vidole vyake mwenyewe.

Nyuma yake alikuwepo mfua dhahabu na nyundo yake, aliyefua sarafu za dhahabu ziwe majani. Cennino Cennini, aliyeandika mwongozo wa ufundi wa uchoraji karibu mwaka 1400, alilalamika kwamba sarafu moja ya dukati ilikuwa ikitolewa majani 145. Kwa kazi inayostahili kung'arishwa, yeye alitaka yasizidi 100.