"Wetu" wa Nani? Maneno ya Udugu katika Lahaja za Uingereza na Wajibu wa Mhakiki na Mtafsiri

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maneno ya udugu ya kilahaja katika riwaya mbili za Uingereza zinazohusu jamii za wachimba makaa ya mawe: *Sons and Lovers* (1913) ya D. H. Lawrence na *A Kestrel for a Knave* (1968) ya Barry Hines. Tunadai kwamba maneno hayo si pambo la kimandhari. Ni sarufi ya umiliki inayoonyesha nani anamdai nani, na kwa haki ipi. Tunadai pia kwamba Kiswahili kina nyenzo ya kuiwasilisha sarufi hiyo, ingawa nyenzo hiyo haipatikani katika lahaja zake, ambako watafsiri huwa wepesi kuitafuta.

1. Utangulizi

Mhakiki anapokutana na lahaja katika riwaya, mara nyingi hutosheka kusema kwamba mwandishi ameitumia ili kujenga uhalisia. Kauli hiyo si ya uongo, ila haitufikishi mbali. Haielezi kwa nini mwandishi amechagua lahaja katika neno hili na kuiacha katika lile, wala kwa nini wahusika wawili wa nyumba moja hawamwiti mama yao kwa namna moja. Upungufu huo unajitokeza zaidi katika maneno ya udugu, kwa sababu ndiyo ya kwanza ambayo mtoto hujifunza na ndiyo ya mwisho kuachwa na mtu aliyeondoka kwao.

2. Ramani na mipaka yake

Tofauti za kimaeneo zinafahamika vyema. Mama huitwa *mam* kaskazini mwa England na katika Wales, *mum* kusini, na *mom* Birmingham na viunga vyake, ambako wenyeji hukataa katakata kwamba wameiga Wamarekani. Bibi ni *nain* kaskazini mwa Wales na *mam-gu* kusini mwake, na maneno yote mawili ni ya Kiwelshi yanayosikika hata katika Kiingereza cha huko. Mtoto ni *bairn* mashariki mwa Uskoti na kaskazini-mashariki mwa England, lakini huko Glasgow ni *wean*, neno lililotokana na muungano wa maneno mawili yenye maana ya "mdogo" na "mmoja".

Uchunguzi wa Lahaja za Kiingereza ulioongozwa na Harold Orton wa Chuo Kikuu cha Leeds ulikusanya data katika sehemu 313 kati ya 1950 na 1961. Watafiti wake waliwapendelea wazee wa vijijini, hasa wanaume, na hojaji yao ilitoa nafasi kubwa kwa shamba, mifugo na zana. Mradi wa *Voices* wa BBC wa mwaka 2005 uliuliza moja kwa moja kuhusu mama, bibi na babu, na kwa njia hiyo ukasogea karibu zaidi na maisha ya nyumbani. Hata hivyo, ramani ya lahaja, hata ikiwa bora kiasi gani, hutueleza neno linatumika wapi. Haituelezi linasemwa na nani mbele ya nani, wala msemaji angepoteza nini kama angesema jingine. Hapo ndipo riwaya inapokuwa ushahidi ambao mwanaisimu hana budi kuuthamini.

3. Nyumba mbili za wachimba migodi

Katika *Sons and Lovers*, Walter Morel ni mchimba makaa wa Nottinghamshire anayezungumza lahaja ya huko, pamoja na viwakilishi vya nafsi ya pili umoja ambavyo Kiingereza sanifu kimekwisha kuviacha. Mkewe Gertrude ni binti wa mhandisi na usemi wake ni wa Kiingereza sanifu. Watoto wanakua katikati ya lugha hizo mbili. Paul, mhusika mkuu, kwa kawaida humwita mama yake *mother*. Katika mtaa wa wachimbaji wa eneo hilo, ambako *mam* lilikuwa neno la kawaida, chaguo hilo lina uzito. Kila anapomwita mama yake kwa neno hilo, Paul anachagua upande katika ndoa iliyovunjika kabla yeye hajazaliwa. Baba anabaki peke yake na lahaja yake, mgeni katika nyumba anayoilisha kwa jasho lake.

Wahakiki wameandika sana kuhusu mapenzi ya kupita kiasi kati ya mama na mwana katika riwaya hii. Tunachosisitiza ni kwamba mapenzi hayo yana msamiati wake. Neno linalomwinua mama ndilo linalomtenga baba. Msomaji anayeliona neno *mother* kama kisawe tu cha *mam* hujiwekea kizuizi, akabaki kulieleza pambano la kitabaka kwa saikolojia pekee.

Nyumba ya Casper katika riwaya ya Hines iko kusini mwa Yorkshire. Hapa hakuna mzazi anayezungumza usanifu, kwa hiyo mvutano wa lugha hauko ndani ya nyumba. Uko kati ya nyumba na shule. Billy anapowaeleza wengine habari za kaka yake mkubwa, humtaja kama *our Jud*, yaani "Jud wetu". Jud humpiga na kumdharau, na mwishoni anamuua kipanga ambaye Billy amemfuga na kumfunza, kwa sababu Billy hakuweka pesa za kamari ya farasi kama alivyoagizwa. Msomaji asiyeijua lahaja hii ataisikia "wetu" kama kauli ya upendo, kisha ashangae upendo huo unatoka wapi.

Ukweli ni kwamba *our* ya kaskazini mwa England haipimi upendo. Inaeleza uanachama. Jud ni wa nyumba ya Billy, apende asipende. Hilo ndilo linaloufanya msiba wa riwaya uwe mzito: aliyemuua kipanga ni mtu ambaye sarufi yenyewe haimruhusu Billy kumkana. Angekuwa jirani, Billy angeweza kumchukia na kumpa kisogo. Kwa "wetu", anaulazwa naye kitanda kimoja.

4. Kazi ya mtafsiri

Mtafsiri wa Kiswahili akabiliane vipi na *our Jud*? Njia ya kwanza ni "kaka yangu Jud". Ni sahihi kiukoo, lakini inaleta mambo mawili yasiyokuwamo. "Yangu" inaihamisha milki kutoka kwa nyumba kwenda kwa mtu mmoja, na "kaka" linabeba heshima ambayo Billy hampi Jud hata kidogo. Hatari ni kubwa zaidi katika misemo kama *our kid*, ambayo neno kwa neno ni "mtoto wetu", ilhali Manchester na Liverpool humaanisha ndugu wa kuzaliwa naye. Au *our lass*, ambayo si "msichana wetu" bali ni mke au mpenzi wa msemaji.

Njia ya pili ni kumpa Billy lahaja mojawapo ya Kiswahili. Tunaipinga. Lahaja hazibadilishani thamani kama sarafu. Kimvita, kwa mfano, kina fahari ya ushairi wa Muyaka bin Haji. Tukimpa Billy usemi huo, tutamvika hadhi ambayo shule yake inamnyima kila siku, na wakati huohuo tutakuwa tumeihamishia Yorkshire Mombasa.

Njia ya tatu imo katika sarufi ya Kiswahili chenyewe. Msemaji mmoja husema "ninakwenda kwetu" kwa maana ya nyumba aliyozaliwa, na "kwangu" kwa maana ya nyumba aliyoianzisha mwenyewe. Wingi wa "kwetu" hauhesabu watu. Unaitaja nyumba kama mmiliki. Hiyo ndiyo maana ya *our*. Tunapendekeza, kwa hiyo, "Jud wa kwetu". Inaweza kupingwa kwamba msomaji atadhani Jud ni mtu wa kijiji kimoja na Billy. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linaweza kuondolewa kwa kutumia "Jud wa nyumbani kwetu" mara ya kwanza, na ufupisho baada ya hapo.

Kwa *mam* na *mother* hatuna suluhisho kamili. Kiswahili kinaweza kutofautisha "mamangu" na "mama yangu", lakini tofauti hiyo ni ya ukaribu na urasmi, si ya tabaka. Aidha, katika kuita, yote mawili huishia kuwa "mama". Mtafsiri wa Lawrence atalazimika kulionyesha tabaka katika usemi mwingine wa Paul, na kukiri hasara hiyo katika dibaji yake.

5. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba maneno ya udugu ya kilahaja ni mahali ambapo tabaka, nyumba na lugha hukutana. Mwalimu anayefundisha riwaya hizi asiishie kuwauliza wanafunzi lahaja ni ipi. Awaulize pia ni nani anayesema "wetu", na ni nani asiyeweza kutoka ndani ya neno hilo. Vivyo hivyo, kamusi za Kiingereza na Kiswahili zinazoliorodhesha *mother* na kuliacha *mam*, au zinazofafanua *our* kama kimilikishi cha wingi tu, zinamwacha mtafsiri mikono mitupu katika ukurasa unaomhitaji zaidi. Nyenzo za kuzirekebisha zimo katika kinywa cha kila msemaji wa Kiswahili anayejua kwamba kwao si kwake peke yake.