Siki ya Mchele Iliyokolezwa: Kuichagua, Kuitumia na Kuitunza

Siki ya mchele iliyokolezwa ya Kijapani ni siki ya mchele iliyotiwa sukari na chumvi kabla ya kufungwa kwenye chupa. Kazi yake kuu ni moja: kuungia wali wa sushi. Siki yenyewe hupita hatua tatu. Kuvu wa koji hugeuza wanga wa mchele kuwa sukari, hamira huigeuza sukari kuwa kilevi, na bakteria hukigeuza kilevi kuwa asidi.

Sukari haikuwa na umuhimu huu kwenye wali wa sushi tangu zamani. Mwaka 1804 Nakano Matazaemon, mtengenezaji wa sake wa Handa, alianza kutengeneza siki kwa machicha ya sake. Siki hiyo nyekundu ilipelekwa Edo, Tokyo ya leo, na kupendwa na wauza sushi, kwa kuwa ilikuwa na utamu wake na haikuhitaji sukari nyingi. Siki nyeupe ya mchele ni kali na nyepesi zaidi, ndiyo maana hukolezwa.

Dukani, chupa ya siki ya mchele iliyokolezwa na ya isiyokolezwa hufanana mno, na kosa la kuzichanganya huharibu mapishi. Orodha ya viambato ndiyo huamua: sukari na chumvi zikitajwa, hiyo imekolezwa. Baadhi huongezwa pia sharubati ya mahindi au viungo vya kuzidisha ladha. Kwa jiko linalopika mambo mengi, siki isiyokolezwa ndiyo ununuzi bora, maana kuikoleza ni kazi ya dakika chache: vijiko vinne vya chakula vya siki, viwili vya sukari na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, vikipashwa moto mdogo bila kuchemka mpaka viyeyuke. Kiasi hicho chatosha mchele wa gramu 300 hivi.

Wali huungwa ungali wa moto, kwani punje za moto hunyonya siki, zilizopoa huiacha ikituama chini. Wapishi wa Kijapani huupakua kwenye beseni pana la mbao lililoloweshwa, humwagia siki juu ya mwiko ili itawanyike, kisha huukata wali kwa ubavu wa mwiko. Hawaukorogi, maana punje zikipondeka wali huwa bumba. Huku ukipepewa, unyevu wa ziada hupaa na punje hung'aa.

Siki hiyo hiyo hufaa kwa saladi ya matango, mradi chumvi na sukari za mapishi zipunguzwe. Haifai kushika nafasi ya siki ya asilimia 5 kwenye achari za kuwekwa muda mrefu nje ya friji: siki ya mchele huwa na asidi ya asilimia 4 na kidogo, na kukolezwa huipunguza zaidi. Kwenye kikaango cha moto mkali, sukari yake huungua upesi.

Siki isiyokolezwa hukaa vizuri kabatini, mbali na jua na jiko. Iliyokolezwa, ikishafunguliwa, ni bora iwekwe friji na kifuniko kikazwe, hasa kama lebo imeagiza hivyo. Chombo kiwe cha kioo, kwa kuwa asidi hula chuma. Utando laini kama ute unaojitokeza kwenye siki isiyokolezwa ni wa bakteria wa siki na hauna madhara, huchujwa. Ukungu wenye manyoya ukionekana juu, chupa yote humwagwa.