Jembe la Nani? Kuisoma Tena "Mali ya Taifa"

Mwalimu Nyerere aliandika insha yake "Mali ya Taifa" mwaka 1958, wakati serikali ya kikoloni ilipopendekeza Waafrika wamiliki ardhi moja kwa moja, kwa hati inayoweza kuuzwa. Wengi huisoma kama utangulizi wa Ujamaa. Kwa maoni yangu, msingi wake unakaribiana zaidi na John Locke, na udhaifu wake umetoka hapo hapo.

Hoja yake ni hii: ardhi ni zawadi ya Mungu kwa watu wote. Anayefyeka pori hupata haki, lakini ni haki ya jasho lake, si ya udongo; akiacha kuitumia ardhi, haki hukoma. Locke naye, katika risala yake ya pili juu ya utawala (1689), alianza na Mungu aliyewapa wanadamu dunia kwa pamoja, na mtu anayechanganya kazi yake na ardhi. Ila Locke aliendelea hadi udongo wenyewe ukawa mali ya mlimaji. Mwalimu alikomea kwenye jasho, na kwa hilo astahili heshima: aliona mapema kwamba ardhi ikiuzika, mabwana na wapangaji hawatakawia kujulikana.

Lakini msomaji akishuka Magoma, katika bonde la Lwengera, insha humwishia njiani. Nchi hii ya mkonge ina historia yake. Richard Hindorf aliuleta mkonge mwaka 1893. Mwaka 1895 amri ya Kaizari ikatangaza ardhi isiyo na mwenyewe kuwa mali ya dola. Isiyo na mwenyewe machoni pa nani? Shamba lililoachwa lipumzike, mgeni huliona pori. Kisha wakaja manamba, watu wa mbali walioandikishwa kwa mkataba. Ikiwa kazi huzaa haki, mbona jasho lao halikuzaa chochote ila ujira? Locke ana jibu, nalo ni la kutia aibu: majani aliyoyakata mtumishi wake ni mali ya bwana. Mwalimu hana jibu, kwa sababu mtu wa insha yake yuko peke yake na jembe lake. Mwaka 1967 mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa, na katika miaka ya 1990 yakauzwa kwa makampuni. Mkata mkonge akabaki mkata mkonge.

Sharti la matumizi nalo lina hatari. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaihesabu ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika kuwa ardhi ya jumla. Swali la mwaka 1895 limerudi, safari hii kwa mlango alioufungua Mwalimu mwenyewe.

Mambo ya Walawi 25 yanakubaliana naye kwamba nchi ni ya Bwana. Lakini katika mwaka wa Yubilei jamaa hurudi kwenye urithi wao, wawe wamelima au hawakulima. Haki yatangulia kazi. Nabothi naye hakumtajia Ahabu jasho lake, alimtajia baba zake.

Hapa wahubiri wengi hutua, nami nilitua hapo kwa miaka mingi. Mjukuu wa manamba, hata hivyo, hana urithi wa baba zake katika bonde hili, na Nabothi hamsaidii. Anayemsaidia ni Ezekieli: katika sura ya 47, nchi inapogawanywa kwa kura, mgeni aliyezaa watoto kati ya makabila anapewa fungu pamoja na wenyeji, katika kabila lile lile anamoishi. Ezekieli haulizi mgeni huyo amefyeka ekari ngapi.